Asilimia Tano Haikuwa Kodi Yetu Yote

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna bahasha mbili za kaki zinazokaa juu ya kabati moja. Katika bahasha ya kwanza mna hati za mshahara za mke, ambaye ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya binafsi. Katika ya pili mna hati za malipo za mume, mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya wasanifu. Sisi ndio mke na mume huyo, na haya tunayaandika pamoja, kwa kuwa kosa tunalotaka kulieleza tulilifanya pamoja, na gharama yake tuliilipa pamoja.

Kwa mwaka mzima wa 2023 kila mmoja wetu alikuwa na malipo ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mtu angedhani kwamba bahasha zile zinafanana. Hati ya mwalimu ilisomeka hivi kila mwisho wa mwezi: mshahara 1,000,000, mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, 100,000, kodi ya mapato ya ajira, ambayo wengi tunaiita PAYE, 103,000, kinachobaki 797,000. Hati ya mchoraji ilikuwa fupi zaidi: ada ya huduma 1,000,000, kodi ya zuio asilimia 5, yaani 50,000, kinachobaki 950,000. Tofauti ilikuwa shilingi 153,000, nasi tuliipokea kama mtu apokeavyo zawadi asiyoitarajia.

Chanzo chake kilikuwa kikao kimoja cha Januari mwaka huo. Mkuu wa ofisi aliwakusanya wachoraji akawaeleza kwa upole kwamba ajira zao zinakoma, na badala yake kila mmoja atasaini mkataba wa kutoa huduma. Kazi ni ile ile, meza ni ile ile, na saa za kuingia na kutoka ni zile zile. "Ndugu zangu," aliwaambia, "kodi yenu sasa ni asilimia tano tu. Mtabaki na fedha nyingi zaidi mfukoni." Hatumwiti mwongo, kwani fedha mfukoni ziliongezeka kweli. Ila alilolisema lilikuwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki hatukuiuliza.

Zile 153,000 za kila mwezi tulizitumia kwa mambo ya heri. Tuliezeka upya chumba cha Bi Mkubwa, mama mzaa mume, ambacho kilikuwa kikivuja kila masika. Tuliwanunulia watoto nguo za Idi bila kukopa. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumetumia shilingi 1,836,000 tulizoziita ziada, na hatukuwa na hata senti ya kuonyesha ila mabati.

Mwezi Juni 2024 ndipo jirani yetu mmoja, mhasibu tunayeswali naye msikiti mmoja, alipotuuliza kwa wema tu kama tumeshawasilisha ritani ya mwaka uliopita, maana siku ya mwisho ilikuwa tarehe 30. Tulimjibu kwamba kodi yetu hukatwa ofisini. Akaomba kuziona hati. Akazitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na makadirio ya Machi mwaka jana mliyawasilisha?" Tulitazamana. Hatukujua anazungumzia nini.

Jirani huyo alikaa nasi mkekani hadi usiku akitufundisha jambo ambalo tunaamini kila familia yenye mkataba wa namna hii inapaswa kulijua. Kodi ya mwajiriwa huishia kwa mwajiri wake. Yeye ndiye anayeikokotoa, anayeikata na anayeipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, na mfanyakazi ambaye hana kipato kingine hulala usingizi wake. Mtoa huduma, kwa jicho la sheria ya kodi ya mapato, si mfanyakazi bali ni mfanyabiashara. Anapaswa kukadiria mwenyewe kodi ya mwaka na kuwasilisha makadirio hayo kabla Machi haijaisha. Anapaswa kulipa kwa awamu nne, zinazokoma mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Baada ya mwaka kwisha, ana miezi sita ya kuleta ritani inayoonyesha mapato na gharama zake halisi. Ile asilimia 5 aliyokatwa na mteja ni malipo ya awali tu, yanayopunguzwa katika kodi yake ya mwaka. Haimalizi deni.

"Lakini wenye maduka madogo hulipa kwa kiwango cha mauzo yao," mume alisema, akitafuta mlango wa kutokea. Jirani akatikisa kichwa. Utaratibu ule wa wafanyabiashara wadogo, alisema, hauwahusu wanaotoa huduma za kitaalamu na kiufundi. Hao huhesabiwa faida yao kwa viwango vya kawaida, vile vile anavyotozwa mwalimu.

Hapo hesabu ikaanza, na mwalimu wa hisabati ndiye aliyeshika kalamu. Ada ya mwaka ilikuwa 12,000,000. Gharama za kazi, kwa jinsi tulivyoziandika katika daftari, zilikuwa 1,200,000: nauli za kwenda kwenye majengo yanayojengwa, karatasi na wino, bando la intaneti, matengenezo ya kompyuta. Sheria humruhusu mfanyabiashara kuondoa gharama alizozitumia kuzalisha kipato chake, neema ambayo mwajiriwa hana. Lakini neema hiyo inataka ushahidi, na risiti tulizokuwa tumezitunza zilifika 480,000 tu. Bodaboda wa kwenda Pongwe hatoi risiti, na zile za wino nyingine tulizitupa pamoja na maboksi yake.

Faida iliyobaki ya kutozwa kodi ilikuwa 11,520,000. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Shilingi 3,000,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, ikawa 240,000. Shilingi 2,880,000 zilizofuata zilitozwa asilimia 20, ikawa 576,000. Shilingi 2,400,000 za mwisho zilitozwa asilimia 25, ikawa 600,000. Jumla ilikuwa 1,416,000. Ofisi ilikuwa imekata 600,000 kwa mwaka mzima. Tulikuwa tunadaiwa 816,000, pamoja na riba na adhabu za kutowasilisha makadirio.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi kizingitini akitusikiliza. Katika ujana wake aliuza vitumbua katika mtaa huu huu, na kila jioni alikuwa akifunga fedha katika mafundo mawili ya pindo la kanga: fundo la matumizi, na fundo la mchele na nazi za kesho. Fundo la pili halikufunguliwa hata watoto walipolia. Alipoona tumenyamaza alisema neno moja tu: "Kumbe mlikula hela ya mchele."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Mwislamu aliyekaa darasani anajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tulikuwa tumebeba deni la mwaka mzima bila kuliandika mahali popote, kwa sababu hatukulitambua kuwa ni deni. Fedha isiyokatwa tuliihesabu kuwa ni yetu.

Tulilipa kwa fedha ya uzazi. Mke alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa Novemba. Tulikuwa tumeweka 900,000 kwa ajili ya hospitali na siku arobaini. Kabla ya kulipa ilitulazimu pia kuidai ofisi vyeti vya kodi ya zuio, kwa maana katika miezi kumi na miwili tulikuwa na vyeti tisa tu, na asiye na cheti hupata taabu kuthibitisha kwamba alikatwa. Mume alikwenda mara nne ndipo vitatu vilivyobaki vikapatikana. Akiba ile ikaisha.

Tungeishia hapo, hadithi hii ingekuwa ya uzembe wetu tu, na pengine tusingeileta gazetini. Lakini Julai, shule zilipofunguliwa, mke alirudi nyumbani na karatasi mkononi. Uongozi wa shule ulikuwa umewapa walimu mikataba mipya ya kuisoma na kuirudisha baada ya wiki mbili. Kichwa chake kiliandikwa: Mkataba wa Kutoa Huduma za Ufundishaji. Ada ilikuwa 1,000,000 kwa mwezi, na kodi ya zuio asilimia 5. Aliyeigawa aliwaambia walimu kwa uchangamfu kwamba sasa watapeleka nyumbani 950,000 badala ya 797,000.

"Baba watoto," mke alisema, "wimbo ni ule ule."

Usiku huo tulizishusha bahasha zote mbili kabatini, tukazimwaga mkekani, tukaulinganisha mwaka mmoja wa mwajiriwa na mwaka mmoja wa mtoa huduma. Tunaziweka hesabu hizo hapa kama tulivyoziandika, ili msomaji azipime mwenyewe.

Mwalimu alipokea mkononi 9,564,000 kwa mwaka. Mchoraji alipokea 11,400,000. Tulipoondoa kodi aliyodaiwa, 816,000, na gharama za kazi alizojilipia mwenyewe, 1,200,000, zikabaki 9,384,000. Yule tuliyedhani amepata zaidi alikuwa amepata pungufu kwa shilingi 180,000, hata kabla ya kuhesabu adhabu. Mwalimu alilipa kodi 1,236,000 kwa mwaka. Mchoraji alilipa 1,416,000. Kama angekuwa na risiti za gharama zake zote, kodi zao zingelingana kwa shilingi. Zile 180,000 zilizozidi ndizo bei ya risiti tulizozipoteza.

Kisha tukafika kwenye jambo ambalo halikuonekana katika kinachobaki mkononi. Sheria ya NSSF inataka asilimia 20 ya mshahara ichangwe, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo kwa kila 100,000 aliyokatwa mwalimu, shule iliongeza 100,000 nyingine. Kwa mwaka aliwekewa 2,400,000. Mchoraji aliwekewa sifuri. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi isiyopungua 180, na kwa mwaka huo mume hakuongeza hata mwezi mmoja.

Tulijaribu pia kuitazama hesabu kwa upande wa mwajiri, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Kwa viwango vya mwaka huo, mwajiri wa mtu mwenye mshahara wa 1,000,000 huchangia 100,000 ya NSSF na asilimia 0.5, yaani 5,000, kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, asiposamehewa kisheria kama zilivyosamehewa shule, huongeza Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi ya asilimia 3.5, yaani 35,000. Shule yetu ingeokoa 105,000 kwa kila mwalimu kila mwezi. Tunajua kwamba wazazi wengi huchelewesha ada, na kwamba umeme na chakula cha bweni havingoji. Lakini mzigo ule haukuwa unatoweka. Ulikuwa unahamishwa kutoka mabega ya shule kwenda kwa walimu, nao walikuwa wakiambiwa kwamba wameongezewa.

"Ukisaini hii," mume aliuliza, "Novemba utalipwa na nani?"

"Na wewe ulilipwa na nani ulipougua Februari?" mke alijibu.

Hakulipwa. Homa ilimlaza siku tisa, na ada ya mwezi ule ilikatwa siku tisa. Mwajiriwa ana likizo ya ugonjwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ana siku 28 za likizo ya mwaka. Mama anayejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijaliwa mapacha. Mkataba uliokuwa mkekani haukuwa na neno moja juu ya uzazi. Mtu aliyeuandika pengine hakumkusudia mwalimu wetu. Lakini ungesainiwa Julai na mtoto angekuja Novemba.

Jirani mhasibu alitushauri tukaonane na afisa kazi kabla ya kujibu, na hapo tukajifunza jambo la pili. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, haitazami jina lililoandikwa juu ya mkataba peke yake. Inatazama kazi yenyewe. Je, anayefanya kazi anaongozwa na mwingine namna ya kuifanya? Saa zake hupangwa na mwingine? Ni sehemu ya taasisi ile? Anategemea kipato cha mtu mmoja? Anapewa vifaa? Likithibitika hata moja katika haya, sheria humchukulia kuwa ni mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mwalimu huingia kwa kengele na hutoka kwa kengele, hufundisha kwa ratiba aliyopangiwa, na chaki si yake. Kumwita mtoa huduma huru hakumpi uhuru wowote.

Hatusemi kwamba mikataba ya huduma ni mibaya. Wako ndugu zetu ambao ni huru kweli: fundi mwenye karakana yake na wateja kumi, mwanasheria mwenye ofisi yake, mpishi wa shughuli anayepanga bei yake na kukataa kazi asiyoitaka. Kwa hao, kuhesabiwa kama wafanyabiashara ni haki, na ruhusa ya kuondoa gharama ni msaada wa kweli. Wao hupanga ada wakijua kwamba ndani yake mna kodi, uzee, ugonjwa na siku zisizo na kazi. Tatizo ni kuzifananisha ada ya 1,000,000 na mshahara wa 1,000,000, kana kwamba ni fedha moja.

Mke hakusaini. Yeye na walimu wengine sita waliandika barua moja ya adabu, wakaeleza kwamba hawapingi shule kubana matumizi, bali wanaomba kubaki katika ajira zao, na wakaambatanisha hesabu kama hizi. Baada ya siku kumi uongozi ulijibu kwamba walimu wa zamani watabaki kama walivyo. Mtoto alizaliwa Novemba, wa kike, na mama yake alikaa naye siku zake 84 akilipwa mshahara. Alhamdulillah.

Mume hakupata wepesi huo. Alimwendea mkuu wa ofisi na kifungu cha 61 mkononi, akasikilizwa, lakini ajira haikurudi, na kushitaki katika mji mdogo ambao wasanifu wote wanajuana ni uamuzi mzito kwa mtu mwenye watoto watatu. Mwishowe walikubaliana ada iwe 1,200,000, na awe huru kuchukua kazi za nje jioni. Si kila alilostahili, nasi hatutaki kulipamba. Tangu hapo, kila ada inapoingia, kabla hatujanunua hata kibiriti, tunatenga 100,000 ya kodi na 100,000 ya NSSF, kwani mfuko huo hupokea pia wanaojichangia wenyewe. Makadirio tunayawasilisha kabla ya Machi kuisha. Risiti zinakaa katika bahasha ya tatu. Bi Mkubwa hutuuliza, "Hela ya mchele mmeifunga?" nasi humjibu kwamba tumeifunga.

Barua ile ya shule ilikuwa na sentensi ya pili ambayo hatukuitaja: walimu wapya wote wataanza kwa mkataba wa huduma. Januari iliyofuata walikuja nyumbani kwetu vijana wawili, wametoka chuoni mwaka huo, wakiwa na karatasi ile ile. Walikuwa na furaha ya kazi ya kwanza. Tuliwawekea chai, tukashusha bahasha, tukawaonyesha kila mstari. Walipomaliza kusoma, mmoja wao aliuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, tusisaini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Hakuwa na kazi nyingine, na kwao kuna wadogo zake wanaomtazama. Tulimwambia aombe ada iongezwe, aandike kila gharama, adai cheti cha kodi ya zuio kila mwezi, na zaidi ya yote asiihesabu kuwa yake fedha yote itakayofika mkononi. Kisha mke aliingia ndani akatoka na daftari jipya na bahasha mbili za kaki, akawakabidhi.